Baba watoto kapewa karatasi ya pinki, tusubiri tu mahakama?

SWALI: Dada habari za kazi. Tuko Sacramento, California, mimi na mume wangu ni Watanzania wenye grinkadi, ule ukaazi wa kudumu. Jumamosi alikuwa anatoka kwenye sendofu ya mtoto wa rafiki yetu polisi wakamsimamisha, akapuliza kipimo cha pombe ikasoma 0.09, wakamlaza ndani mpaka asubuhi kwa kuendesha amelewa. Leseni wamebaki nayo, yeye wakampa karatasi ya pinki na tarehe ya mahakama mwezi ujao. Wenzake wanamwambia atulie hiyo ni faini tu kama ya spidi, wengine eti kosa lake ni kupuliza, angegoma wasingekuwa na ushahidi. Anaendesha teksi ya mtandaoni na mwaka huu tulitaka kuomba uraia. Silali. (Mama Wawili)

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Nilikutumia meseji siku ile ile kwa sababu la kwako halikuwa la kusubiri gazeti, ila naliweka hapa maana naulizwa sana.

Hiyo karatasi aisome mbele na nyuma. Ni leseni ya muda ya siku 30 na hapo hapo ni taarifa kwamba DMV, ile idara ya jimbo ya leseni na magari, wanamfungia leseni, na ana siku 10 tu tangu alipokabidhiwa kuomba wamsikilize. Watu wetu wengi hawajui kwamba pale kuna kesi mbili, moja ni ya jinai ndio hiyo ya mwezi ujao, nyingine ni ya DMV inahusu leseni peke yake na haimsubiri hakimu aseme chochote. Ukiziachia zile siku 10 zipite basi zile 30 zikiisha leseni imefungwa, miezi 4 kwa mtu wa mara ya kwanza, hata kama huko mahakamani kesi haijaanza kusikilizwa. Na yule wakili wa bure anayepewa asiye na uwezo anamtetea kwenye jinai tu, kwa DMV atajipambania mwenyewe au atafute wa kulipa.

Hao wa "angegoma" ndio nawaogopa zaidi jamani. California ukishakamatwa kihalali kwa kosa hili, sheria inahesabu kwamba ulishakubali kupimwa pumzi au damu kwa kule kuendesha tu barabarani. Ukigoma leseni inafungwa mwaka mzima badala ya miezi 4, huko kugoma kwenyewe kunatumika kama ushahidi mahakamani, na polisi anaweza kuomba kibali kwa hakimu usiku huo huo wakakutoa damu. Sasa hapo umegomea nini?

Faini kisheria ni dola 390 mpaka 1,000, mtu akisikia anacheka, ila juu yake wanapachika tozo mpaka inakuwa mara kadhaa, kuna darasa la ulevi la miezi 3 unalolipia mwenyewe, bima inapanda, na jela inaweza kufika miezi 6. Tena kwa kazi yake akiwa amebeba abiria wa kulipa kiwango cha pombe ni 0.04, sio 0.08 ya madereva wa kawaida.

Uraia sasa. Kosa moja la kawaida, hakuna aliyeumia wala mtoto ndani ya gari, kwa kawaida peke yake halimwondolei mtu grinkadi. Lakini akitiwa hatiani probeshini, yaani kuwa nje chini ya uangalizi wa mahakama, ni miaka 3 na kuendelea, na uhamiaji hawawezi kumpitishia uraia akiwa bado kwenye probeshini, kwa hiyo mipango ya mwaka huu muiweke pembeni kwanza. Akirudia likawa la pili ndani ya kipindi wanachokagua, mara nyingi miaka 5, tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa Marekani wa 2019 anachukuliwa hana tabia njema mpaka yeye athibitishe kinyume. Na fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, sio kufungwa tu, hata kesi ikifutwa ataandika ndiyo. Asikiri kosa lolote mahakamani kabla wakili wake hajamweleza upande wa uhamiaji, ni haki yake tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua kesi ya Padilla 2010.

SWALI: Mimi nasoma huku huku California kwa viza ya mwanafunzi, bangi inauzwa dukani na risiti unapewa. Nikivuta kidogo nikaendesha kosa liko wapi?

JIBU: Dukani ruksa ukiwa na miaka 21, kwenye usukani hapana. California haijaweka namba ya bangi kama ile 0.08 ya pombe, wanaangalia macho, unavyotembea, unavyojibu, na damu wanachukua. Wengi wanaona kukosa namba ni nafuu, mi naona ni balaa, maana huna namba ya kujitetea nayo. Dawa za hospitali nazo ni hivyo hivyo, kuandikiwa na daktari sio utetezi kama zimekulewesha.

Halafu wewe uko kwa viza. Uhamiaji ni wa serikali kuu na kwao bangi ya kujistarehesha ni haramu, na Wizara ya Mambo ya Nje inaweza kufuta viza kwa kukamatwa tu hata hukumu haijatoka. Masomo unaweza ukaendelea nayo kwa sababu viza ni ya kuingilia nchini, ila ukienda Dar likizo hurudi mpaka uombe upya ubalozini, na wanaweza kukupeleka kwanza kwa daktari wao. Kama limeshakukuta, tiketi usikate kabla hujaongea na wakili wa uhamiaji.