Maswali yenu: flashi ya kupigia picha za watu

*Shikamoo fundi. Nafungua studio ndogo Magomeni, hapa Bagamoyo. Pesa yangu inatosha taa moja tu. Ninunue ile kubwa ya kuchomeka ukutani au flashi ya betri?*

Marahaba. Chukua ya betri. Umeme ukikatika mteja ameshavaa suti yake, utamwambia nini? Hakikisha nguvu yake unaweza kuipunguza kwa mkono hadi 1/64 au 1/128 ya nguvu yote. Nunua na triga ya kuiwasha ikiwa mbali na kamera, stendi, mwavuli mweupe wa kulainisha mwanga, na seti mbili za betri za kuchaji.

*Uso wa bibi harusi unang'aa kama umemwagiwa mafuta. Nimepunguza nguvu ya flashi, bado tu.*

Nguvu haina kosa. Kosa ni udogo wa taa. Kioo cha flashi kinazibika kwa vidole vitatu, na joto letu la pwani halikosi jasho; kila palipolowa panarudisha kitaa hicho kama doa jeupe. Pitisha mwanga kwenye mwavuli wa sentimita 100, doa lile lile litatandazika shavuni, pana na laini. Ngozi nyeusi inapendeza mno hapo, kwa sababu umbo la uso wake linasomeka kwenye mng'ao kuliko kwenye kivuli. Msiufute wote kwa poda, nawasihi.

Mwavuli uwe karibu, mita moja hivi, ubavuni na juu kidogo ya macho. Ukiurudisha hadi mita mbili, mwanga unaomfikia unabaki robo, na taa inakuwa ndogo tena. Nilimpiga binti mmoja barazani, mlango wa nakshi nyuma yake. Mwanzoni kipini chake cha puani kilimezwa na weupe. Tulipoleta mwavuli na kuusogeza, kikatokea, hadi ua lake dogo ukaliona.

*Asubuhi ufukweni, bahari ikiwa nyuma ya mtu, uso unakuwa giza. Nikiwasha flashi, sehemu ya picha inatoka nyeusi.*

Jua letu linachomoza baharini, ndiyo maana linamkaa mgongoni. Huo weusi ni pazia la shata, kile kifuniko cha ndani ya kamera kinachofunguka na kufunga unapopiga: umeikimbiza mno, flashi inawaka pazia limeshaanza kufunga. Kamera nyingi, ukitumia flashi, mwisho wake ni 1/200 au 1/250 ya sekunde. Rudi 1/200, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100, tundu la lenzi f/11, anga likae sawa kwanza, ndipo uongeze flashi. Mwavuli uache nyumbani, kusi itaubeba.

*Niiache flashi ijipimie yenyewe?*

Hapana. Baibui jeusi linaidanganya inazidisha, kanzu nyeupe inapunguza. Pima mwenyewe.

*Picha za pasipoti zina kivuli ukutani.*

Mteja asogee hatua mbili mbele ya ukuta, nawe uinue taa. Kivuli kitaangukia sakafuni.