Barua kwa Mwanangu Anayetaka Kwenda Mtongwe

Kisumu, Manyatta

Mwanangu Achieng',

Jumapili nilikukatia simu kwa sababu kinu kilikuwa kinasaga na wateja wamepanga madebe hadi mlangoni. Leo mvua imewafukuza, basi nikujibu vizuri. Uliuliza mambo mawili: Navy, jeshi la wanamaji nililolitumikia, hufanya nini hasa wakati hakuna vita, na wewe mwenye diploma ya mitambo ya meli ujitokeze kama kuruta fundi au usubiri nafasi ya kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa.

Kwanza tuondoe kosa ambalo hata majirani zetu hapa hulifanya. Wale askari unaowaona na boti zao ziwani, wanaowafuata wavuvi, si Navy. Hao ni Walinzi wa Pwani, kikosi kilichoundwa 2018, na pamoja na jina lake kinalinda ziwa pia. Navy ni ya bahari kuu. Ni mojawapo ya matawi matatu ya Majeshi ya Ulinzi, lile dogo kuliko yote, lililoanzishwa Desemba 1964. Makao yake makuu ni Mtongwe, Mombasa, na kambi nyingine iko Manda kule Lamu. Kamanda wake ni Meja Jenerali. Ndiyo, sisi mabaharia tulikuwa na makoplo, masajini na mameja kama watu wa nchi kavu. Mabaharia wa nchi nyingine, wenye vyeo vyao vya majini, wakitutembelea walikuwa wanashangaa. Na ilichukua hadi 1972 ndipo Mkenya, Kimaro, akapewa ukamanda. Kabla yake walikuwa Waingereza.

Kazi yenyewe imeandikwa kwenye Katiba, ibara ya 241: kulinda mipaka ya nchi, na kusaidia raia wakipatwa na maafa. Mipaka ya baharini haina ua wala jiwe la alama. Ni maji matupu hadi maili 200 za baharini kutoka ufukweni, na meli inayozunguka huko mara nyingi hukaa siku nyingi bila kuona chochote ila samaki warukao. Vita vipo, sikatai. Septemba 2012 niliketi mbele ya televisheni na mama yako nikitazama habari za vijana wetu walioshuka Kismayu, Somalia, kutoka baharini usiku, nikashindwa kula. Lakini kazi ninayoikumbuka nikisikia neno Navy ni ya 2019, miaka mingi baada ya mimi kustaafu, gari lilipoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni likiwa na mama na bintiye. Wapiga mbizi wa Navy, pamoja na wa kiraia, walitafuta karibu wiki mbili katika maji yenye kina cha zaidi ya mita hamsini, giza tupu, mkondo unavuta. Waliwaleta nyumbani. Hakuna aliyefyatua risasi.

Na siku za kawaida? Kutu, mwanangu. Chumvi haina likizo. Tangu alfajiri unagongagonga chuma kwa nyundo ndogo, rangi kuukuu inakurukia usoni, unasugua, unapaka, na ukifika mkiani mwa meli kule mbele kumeshaanza tena. Chumba cha injini ni jiko. Unatoka humo shati ungelikamua. Unanionaga nikiweka ncha ya bisibisi kwenye mashine ya kinu na mpini sikioni, ukacheka eti nampigia injini simu. Nilijifunzia Mtongwe. Sajini wangu alikuwa akiniziba macho kwa kitambaa niseme ni beringi gani inayolia. Nikikosea, narudi mwanzo.

Kwa hiyo swali lako la pili ninalijibu hivi: nenda kama fundi. Kadeti huenda Lanet, hapo Nakuru, kwenye Chuo cha Kijeshi kilicho sasa chini ya Chuo Kikuu cha Ulinzi kilichopata hati yake 2021. Wanafundishwa kuongoza watu. Ni kazi ya heshima, lakini wewe tangu utotoni ulikuwa unafungua redio yangu, hukuwa unawapanga wenzako mstari. Kuruta huanzia Eldoret, na huko hakuna Navy wala nchi kavu: wote ni vichwa vilivyonyolewa, kwata, mbio na mtu wa kukupigia kelele. Baadaye ndipo unapelekwa shule ya tawi lako. Ukishapata ufundi wa Navy, hautakufungia Mombasa. Waliosaidia kuifufua meli ya MV Uhuru hapa bandarini kwetu walikuwemo mabaharia, na karakana ya meli iliyoijenga MV Uhuru II iko chini ya Wizara ya Ulinzi.

Shangazi yako anasema jeshi si la wasichana. Mwambie kikosi cha wanawake peke yao kilivunjwa 1999 wakachanganywa na wanaume, na Fatuma Ahmed aliyeanzia humo ndiye aliyekabidhiwa Jeshi la Anga lote 2024.

Sasa jambo la pesa, na hili sijawahi kukusimulia. Mara ya kwanza nilipojitokeza nilikuwa mwembamba. Nilimeza ndizi sita na maji hadi tumbo likalia, mzani ukanikataa vilevile. Kisha akaja bwana mmoja mwenye viatu vinavyong'aa, akamwambia babu yako barua ya wito inapatikana kwa bei ya fahali. Fahali akauzwa. Barua nikapewa, ina muhuri na kila kitu. Kule kambini askari wa lango aliishika sekunde mbili tu, akanirudishia bila hata kunitukana. Nilikaa kwenye basi hadi Kisumu nikiwaza jinsi ya kumtazama mzee. Mwaka uliofuata nilichukuliwa uwanjani, bure, barua nikapewa palepale mkononi. Mtu akikuomba hata mia tano, nipigie mimi kabla hujamjibu.

Siku hizi msichana anatakiwa awe na kilo 50 na urefu wa mita 1.60. Umri wako unatosha. Vyeti halisi viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama yako, njoo uvichukue mwenyewe. Jino lile la nyuma likatibiwe, wanakagua mdomo.

Na uanze kuogelea, Achieng'. Umekulia ziwani na huwezi hata kuelea. Tutafute bwawa la hoteli lenye bei nafuu, si ufukwe wa Dunga hapa ziwani. Viboko wa Dunga hawajui kwamba unajiandaa.

Babako