Crown Sedan mpya kwa hapa Dodoma? Hiyo gari ni ya kukaa nyuma

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuagiza Toyota Crown Sedan mpya, ile iliyotoka mwishoni mwa 2023, uje uitumie hapa Dodoma. Waliokujibu wamesifia taa na skrini. Mimi natembelea Crown Athlete haibridi (petroli na umeme) ya 2014, mwaka wa nne sasa, Kisasa hadi Mtumba kwenye mji wa serikali na kurudi, na nitasema niliyoyaona kwenye yangu.

Athlete ina upana wa milimita 1,800. Hii mpya ni 1,890, ina urefu wa mita 5.03, na kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni mita 3 kamili. Nafasi hiyo amepewa abiria wa nyuma, na kuna hata mfumo wa kulainisha mwendo kwa ajili yake. Sasa nani Dodoma anakaa nyuma ya Crown? Bosi mwenye dereva anapanda Land Cruiser, maana leo yuko Mtumba, kesho anaenda kukagua mradi huko Mpwapwa ndani. Sisi wa Crown tunaendesha wenyewe. Nyuma wanakaa watoto na kiroba cha karanga.

Kuna toleo la hidrojeni, hilo liache, utajaza sheli gani? Tubaki na haibridi ya cc 2,500. Katalogi inasema kilomita 18 kwa lita. Ya kwangu katalogi ilisema 23.2, kwa kipimo chao cha zamani, na safari ya Dar nikienda kistaarabu napata 15. Nikiwa na haraka, 12. Hata hivyo sijalalamika, kabla ya hapo nilikuwa na gari ya V6, yaani silinda sita.

Kilichonitesa ni vumbi. Oktoba mwaka juzi, nimepita Kibaigwa na wakwe zangu nyuma, ikawaka taa ya mfumo wa haibridi na gari ikakosa nguvu. Fundi wa kwanza akasema betri imekufa, andaa milioni nne. Mama mkwe akaniangalia kwenye kioo, hakusema neno. Niliporudi nikampelekea kijana mmoja anayefanya haibridi tu. Akafungua sehemu ya feni inayopoza betri, akachomoa kitu kama sufi ya mto, ila nyekundu. Lilikuwa vumbi la kwetu limeshikana na nywele na manyoya ya paka. Akapuliza, akaosha, akarudisha, elfu hamsini. Taa haijawaka tena mpaka leo, ila kila miezi mitatu naisafisha mwenyewe. Hiyo mpya nayo ni haibridi, na vumbi la Nkuhungu halijui kama gari ni ya mwaka gani.

Matuta sisemi sana. Athlete yangu ina rimu 18 na tairi nyembamba, nimeshanunua mbili kwa sababu ya mashimo. Mpya inaanzia rimu 19.

Halafu hesabu. Ilipotoka Japani haibridi ilikuwa yeni milioni 7.3. Ikifika bandarini kuna ushuru wa forodha asilimia 25, juu yake ushuru wa bidhaa, tena wa kiwango cha juu kwa sababu injini imepita cc 2,000, na VAT asilimia 18 juu ya vyote. Nafuu yake ni moja, haina ushuru wa uchakavu kama gari zetu zilizopita miaka minane.

Kama hela ipo na utaajiri dereva, agiza, gari ni nzuri kwelikweli na sitakuonea wivu sana. Ila kama unawaza kuiuza baada ya miaka mitatu, sikia hii. Mwezi uliopita nilimpigia dalali nimuulize bei ya yangu. Hakuuliza rangi wala kilomita. Aliuliza, "Kaka, ni haibridi?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza kidogo, akashusha bei kwa milioni tatu pale pale kwenye simu.