Mipangilio inayobadilika, inayohaririwa au inayoharirika?

SWALI: Natengeneza mfumo wa mtandaoni wa SACCOS. Kuna ukurasa ambao meneja anaweza kubadilisha riba, siku ya marejesho na ujumbe wa kuwakumbusha wanaodaiwa. Juu yake niliandika "Mipangilio inayobadilika". Mwenzangu anataka "inayohaririwa", bosi anataka "Usanidi unaoharirika". Nani yuko sahihi?

JIBU: Nianze na lako, ndugu, maana ndilo litakalowaletea simu nyingi ofisini. Kitenzi "badilika" kinaeleza jambo linalotokea bila kumtaja wala kumwazia mtendaji. Tunasema "hali ya hewa imebadilika", "sauti yake imebadilika", na hakuna anayeuliza kaibadili nani. Sasa mweka hazina akute neno hilo juu ya riba ya mkopo: ataelewa kwamba riba inajibadilisha yenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Kama unataka kusema kwamba inakubali kubadilishwa, pitia "badilisha" upate "inayobadilishika", au andika "inayoweza kubadilishwa". Ni ndefu, lakini haimkwazi mtu.

Neno la mwenzako lina kazi yake, ila si hapo. "Inayohaririwa" ni kauli ya kutendwa: yupo mtu anayehariri, sasa hivi au kila mara. Litunzeni kwa siku ambayo wafanyakazi wawili watafungua ukurasa mmoja kwa pamoja, kisha mfumo umwambie wa pili: "Mipangilio hii inahaririwa na mtumiaji mwingine."

Bosi amenyambua vizuri. Vitenzi vya mkopo vinavyoishia na -i huongezewa -ka tu: fikiri hutupa fikirika, hariri hutupa haririka. (Nimewahi kukutana na "haririkika" kwenye skrini moja. Sikuamini macho yangu.) Ninachohoji ni kitenzi chenyewe. Kuhariri ni kazi ya mhariri: kupitia maandishi, kukata, kusahihisha. Ule ujumbe wa kuwakumbusha wadaiwa unahaririwa, sawa kabisa. Riba ikitoka asilimia 12 kwenda 10, hapo hakuna kilichohaririwa, imebadilishwa.

Kauli hizi mbili, ya kutendwa (-wa) na ya kutendeka (-ka), zinatofautiana zaidi kwenye ukanushi, na mtengeneza mifumo ndiye anayezihitaji kuliko mwandishi wa riwaya. Mlango ambao "haufunguki" umekwama, au kitasa kimeharibika. Mlango ambao "haufunguliwi" ni mzima, ila kuna amri usifunguliwe. Basi karani asiye na ruhusa akibonyeza riba, mwandikie "Haibadilishwi na karani", au umwambie wazi "Huna ruhusa ya kubadilisha". Ukiandika "haibadilishiki", atadhani mfumo umeharibika na atampigia fundi. Namba ya mwanachama, ambayo mfumo wenyewe hauikubali kuguswa na yeyote, hiyo ndiyo haibadilishiki.

Kuhusu "usanidi", mwachie fundi. Anwani ya hifadhidata, nywila yake, seva ya barua pepe: hivyo huwekwa kwenye faili wakati wa kusimika mfumo, na meneja hana haja hata ya kuviona. Vile vinavyokaa ndani ya hifadhidata na kubadilishwa kwenye ukurasa, bila kumwita fundi, ni "mipangilio". Neno hilo watu wamelizoea tangu kwenye simu zao, hata wale ambao mdomoni husema "setingi". Ila usiliandike kwa umoja kwenye kitufe, kwa sababu "mpangilio" peke yake humpeleka msomaji kwenye namna vitu vilivyopangwa kwenye ukurasa. Kila kimoja kiite kwa jina lake: "Riba ya mkopo", "Siku ya marejesho". Wala usifupishe ikawa "Mipango", hiyo ni ya Tume ya Mipango.

Kwa hiyo kichwa cha ukurasa kiwe "Mipangilio", basi. Kitufe cha "Badilisha" kilicho pembeni kinatosha kueleza yaliyobaki.

Umeniandikia pia, mwishoni kabisa mwa barua, kwamba kitufe cha kurudi kwenye hali ya awali umekiita "Rejesha chaguo-msingi". Hilo "chaguo-msingi" ni la mafundi, ila watumiaji wengine watalizoea. Linalonitisha ni "rejesha". Kwenye SACCOS na vikoba, kurejesha ni kulipa mkopo, na rejesho ni fedha. Mwanachama au karani mpya akiona kitufe cha "Rejesha" karibu na kiasi cha deni, atakibonyeza kwa nia njema kabisa, na mipangilio yako yote itafutika. Andika "Rudisha kama mwanzo".