Kuagiza shafti na bushi ng'ambo: ugomvi huanzia kwenye mchoro

Ukimtumia mtengenezaji wa China shafti iliyochakaa ukamwambia "nitengenezee kama hii", utaletewa shafti iliyochakaa, mpya. Pale beringi ilipozunguka bure pameshalika pakawa milimita 39.93, naye atapima 39.93 na kukata 39.93, kwa uaminifu kabisa. Sampuli itume, lakini iandamane na mchoro, na vipimo vya mchoro vitokane na vitu ambavyo shafti inavishika: beringi, sili (mpira wa kuzuia kuvuja), impela (pangaboi la pampu). Tundu la beringi ya 6308 ni milimita 40. Hapo hapana cha kubahatisha.

Kuandika "40" peke yake nako hakutoshi. Michoro mingi ina maandishi ISO 2768-m kwenye kona, mara nyingi yamenakiliwa tu kutoka mchoro wa zamani. Maana yake, kipimo cha 40 kisichotajiwa mipaka yake kinaruhusiwa kuzidi au kupungua 0.3. Shafti ya 39.75 itakuwa halali, beringi itacheza juu yake, na huna la kudai. Andika 40 k6 (k6 ni alama ya mipaka ya kipimo), na kando yake tarakimu zenyewe: +0.018 na +0.002. Usiandike k6 kila mahali, lakini. Sehemu isiyoshika chochote iachie 0.3 yake, kwani kila kipimo kilichobanwa kinalipiwa, na anayebana vyote huletewa bei ya kumrudisha mbio kwa fundi wa leithi wa Shimanzi, Mombasa.

Pale sili ya mafuta inapokaa, taja ulaini wa uso: Ra (kipimo cha mikwaruzo, kwa mikroni) 0.8 au chini, umesagwa bila mistari ya kuzunguka kama uzi wa skrubu. Mistari hiyo huyasukuma mafuta nje hata sili ikiwa mpya, na lawama huishia kwa sili. Onyesha pia alama ya namna mchoro ulivyopangwa. Marekani hutumia pembe ya tatu (mwonekano wa kulia huchorwa kulia), Ulaya pembe ya kwanza (huchorwa kushoto); ukikosa alama, mfereji wa kii (kipande kinachofunga shafti na impela) unaweza kuja upande usio wake.

Kuhusu chuma, neno "stenlesi" halina maana yoyote kwenye oda. Kwa pampu ya maji ya chumvi andika 316L. Tofauti yake na 304, stenlesi ya kawaida, ni molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na sumaku haitakuonyesha tofauti hiyo. Dai cheti cha EN 10204 aina ya 3.1 (cheti cha kiwanda kinachoonyesha matokeo ya kupima chuma chenyewe), chenye namba ya mkupuo, yaani chuma kilichoyeyushwa pamoja, na namba iyo hiyo igongwe kwenye kila kipande. Pampu ikikaa siku nyingi na maji ya bahari yaliyotuama, hata 316L hutoboka chini ya sili. Hapo uliza dupleksi 2205, stenlesi inayostahimili kutoboka zaidi.

Oda ya vipande 50 isianze na 50. Lipia vitatu kwanza, vije kwa ndege, pamoja na ripoti ya vipimo ambayo kila namba yake inalingana na namba iliyozungushiwa duara kwenye mchoro. Vipime mwenyewe kabla ya kuruhusu vilivyobaki.

Na hapa ndipo joto la Mombasa linapowatega wengi. Vipimo vyote vya mchoro ni vya nyuzi 20. Shafti ya 316L ya milimita 40 iliyotoka kwenye pikapu juani ikiwa na nyuzi 45 imevimba 0.016, yaani upana wote wa k6. Ukiipima kwa maikromita (kifaa cha kupima unene) iliyotoka ofisini kwenye kiyoyozi, utakataa kipande kizuri. Acha shafti na maikromita vilale meza moja usiku kucha, upime asubuhi. Vikiwa na joto moja, kwa chuma cha kawaida kosa la joto hujifuta, maana maikromita nayo ni chuma. Kwa alumini halijifuti: kipande cha milimita 100, karakana ikiwa na nyuzi 32, kitasoma kama 0.014 zaidi.

Ufungaji uandike kwenye oda. Kila kipande kipakwe mafuta, kizungushiwe karatasi ya VCI ya kuzuia kutu, kisigusane na mwenzake. Kreti iwe ya mbao yenye muhuri wa ISPM 15, kanuni ya mbao zilizotibiwa dhidi ya wadudu. Wiki kadhaa ndani ya kontena lenye jasho zinatosha kuharibu chuma cha kawaida kilichosagwa vizuri.

Bei iombe kwa FOB (muuzaji anaishia melini, nauli unaipanga wewe). CIF (bei yenye nauli na bima ndani) ya mzigo mdogo huonekana rahisi, kumbe msafirishaji aliyechaguliwa na muuzaji anakungojea bandarini Kilindini na ankara yake. Muulize wakala wako wa forodha kuhusu IDF (fomu ya kutangaza bidhaa zinazoingizwa) na cheti cha ukaguzi cha KEBS (shirika la viwango la Kenya) kabla mzigo haujapakiwa, maana ukaguzi huo hufanyika huko unakotoka. VAT ya asilimia 16 hukokotolewa juu ya thamani pamoja na nauli ya meli, bima na ushuru, si juu ya bei ya kiwandani.

Malipo ya kawaida ni asilimia 30 mwanzo na 70 kabla ya kupakia. Hiyo 70 itoke baada ya kuona ripoti ya vipimo na picha za namba zilizogongwa. Barua pepe ikija kusema akaunti ya benki imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, si ile iliyo kwenye barua hiyo.