CNA shuleni: kagua kibali na chanjo mapema

Dada, umeuliza kuhusu binti yako anayeingia darasa la 11 huko Marekani na kutaka kozi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, shuleni kwao. Kwanza muulize mshauri wa masomo kama kozi imeidhinishwa na jimbo. Sheria ya shirikisho inadai angalau saa 75, na 16 kati yake ziwe za vitendo chini ya usimamizi. California inataka 160. Bila kibali, atapata alama za shule tu.

Wengi hawakwami darasani. Hukwama kwenye kadi ya chanjo na kipimo cha TB: siku ya kwenda nyumba ya wazee kwa vitendo inafika, karatasi hazijakamilika, mtoto anabaki. Shughulikieni hayo kabla shule hazijafunguliwa.

Mtihani wa kupata cheti cha CNA una maswali, na anaweza kuchagua kusomewa badala ya kusoma mwenyewe. Kisha vitendo. Kunawa mikono afanyie mazoezi nyumbani: povu sekunde 20, vidole vikielekea chini, asiguse sinki, bomba alifunge kwa karatasi kavu. Na breki za kiti cha magurudumu zifungwe kabla mgonjwa hajainuka. Akisahau hilo, zoezi zima limeanguka hata kama mengine yote kayapatia.