Weka brashi chini, mkuu

Mkuu, umeuliza ufanyeje na kuta za besimenti yako zinazotoa unyevu. Hiyo ndoo ya rangi ya kuzuia maji unayotaka kuipaka ndani irudishe dukani leo leo, kabla hujafungua kifuniko.

Mimi niko Goba, kiwanja cha mteremko kama chako, chumba cha chini kimeegemea udongo pande tatu. Rangi ilipoanza kubanduka na unga mweupe kutoka ukutani, fundi akaja, akagongagonga kama daktari, akasema "bosi, hii chumvi tu." Tukakwangua. Tukapiga plasta yenye dawa, puti, rangi ya kuzuia maji mikono miwili, akanishawishi na jipsamu juu ili "papendeze". Milioni 3.4. Nikapiga picha nikatuma kwenye grupu la familia, watu wakapiga makofi.

Aprili, masika yamekolea, jipsamu ikavimba kama andazi. Wiki haikuisha ikadondoka yote, nyuma yake fangasi weusi tii. Magodoro mawili ya wageni tulitupa. Nampigia fundi, ananiambia saruji ya siku hizi imechakachuliwa! Mara ya pili simu haipatikani. Siku nikimwona kwenye daladala nashuka mimi, maana naogopa kesi.

Maji yanasukumwa na udongo uliolowa, yanapita kwenye tofali, yanaikuta rangi yako kwa nyuma na kuitema. Yazuiwe huko huko nje. Tulichimba nyuma ya ukuta hadi usawa wa msingi, kipande kwa kipande ukuta usije ukalala, tukapaka lami, nailoni nene, kisha bomba lenye matundu ndani ya kokoto kupeleka maji bondeni. Na gata! Paa la mita za mraba 100 likipigwa mvua ya milimita 50 ni lita 5,000, na zote nilikuwa nazimwaga miguuni pa ukuta ule ule. Nina digrii, msicheke.

Unabisha? Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa solatepu, kaa siku mbili. Jasho likiwa upande wa ukuta, maji yanatoka udongoni. Likiwa upande wako, ni unyevu wa hewa, fungua madirisha.

Uliuliza pia mashine ya kukausha hewa, na sijui kupangisha wanafunzi. Tutaongea ukishachimba.